Barabara ya Ukungu Ndani ya Kibuyu cha Ulezi

Jumatatu, 10 Novemba
Msiba! Mashine yangu ya gemu, ile kongwe inayotulisha hapa Katandala, imetoa tangazo kwenye runinga. Kwamba haitengenezwi tena nilijua. Sasa hata duka lake la mtandaoni linafungwa Ijumaa. Ambaye hajapakua nyongeza za gemu zake, basi tena.

Mimi ninayo tamu kuliko zote: Barabara ya Ukungu. Mbio za magari milimani, kona tupu. Ndiyo aliyonishindia mke wangu Kristiana, siku ya kwanza alipokuja kwenye banda langu la gemu kuchaji simu. Rekodi yake ipo, na jina lake. Siku hiyohiyo niliapa nitamwoa. Nimemwoa. Rekodi sijaivunja.

Zenon wa banda la ng'ambo, mwenye mashine kama yangu, kaja kuomba nakala. Intaneti yake inakatika kabla ya kumaliza kupakua. Nimemkatalia kwa upole. Kristiana anasema upole huo ulisikika mpaka sokoni.

Jumatano, 12 Novemba
Diski ya mashine inakwaruza. Nimehamishia barabara na rekodi kwenye flashi. Kisha nikavifuta kwenye mashine, ili Zenon akija kuiba asikute kitu. Akili hiyo!

Flashi nimeificha kwa Mama, ndani ya kibuyu cha mbegu ya ulezi, kwenye uchaga juu ya moto. Kibuyu hicho hakiguswi. Utotoni nilikigusa, nikakoma. Mama sijamwambia. Ukimwambia yeye, umeiambia jumuiya nzima.

Ijumaa, 14 Novemba
Duka limefungwa. Nimebandika tangazo: BARABARA YA UKUNGU, HAPA PEKEE, KESHO. Zenon kalisoma mara mbili. Raha iliyoje!

Jumamosi, 15 Novemba
Mvua imenyesha vizuri. Wateja wamejaa. Nimekimbia kwa Mama. Shikamoo haijaisha, kibuyu nimeshakishika. Kitupu!

Mama kasema mvua imeanza, nilitaka mbegu ikae pale ifanye nini? Kagawia wanajumuiya, kama kila mwaka. Shamba lake likiharibika, mwenzake atakuwa nayo, atamrudishia. Nikauliza kagawia nani. Kataja majina kama anasali litania. La mwisho: mama yake Zenon.

Nimekaa chini palepale. Wateja nimewaambia umeme una hitilafu. Kristiana sijamwambia lolote. Rekodi yake jamani!

Jumapili, 16 Novemba
Baada ya misa nimepita nyumba kwa nyumba, nikiomba kuwapetea watu ulezi wao. Wanadhani nimeweka nadhiri. Hamna kitu. Kwa kina Zenon sikuthubutu.

Jioni Zenon kabisha hodi na flashi mkononi. Mama yake kaiona kwenye ungo. Zenon kaichomeka kwenye mashine yake, ati aone kama iko hai, akanakili kila kitu. Nimefoka: kwa ruhusa ya nani? Kisha nikaichomeka kwangu. Kimya. Joto la jikoni limeimaliza, kwa Zenon ilikuwa inakata roho.

Zenon kavaa koti. Kaondoka, karudi mvua ikinyesha, kaikumbatia mashine yake ndani ya koti. Tukanakili kwa flashi mpya. Jina la Kristiana likatokea. Machozi yamenitoka, nikasingizia moshi. Kristiana kashika pedi ya kuchezea, katushinda wote wawili, kaenda kusonga ugali. Nampenda mwanamke huyu!

Jumatatu, 17 Novemba
Nimetafakari. Kosa nimeliona: kibuyu. Mbegu inatoka nyumbani, ndiyo tabia yake.

Zenon kashauri tuwape nakala na wenzetu wa Laela, wa Kasesya, kila mwenye mashine hii. Nimemwambia aache utani, tena afute ya kwake. Kakataa, huku anacheka. Mchoyo yule!

Basi nimefuta tena kwenye mashine yangu, kwa usalama. Flashi iko chini kabisa ya gunia la maharage la Mama. Safari hii nimekuwa makini, nimemuuliza kwanza kama hayo nayo atayagawa. Kasema hayatoki hata punje, yatapikwa yote Jumamosi kwenye sherehe ya kipaimara.

Safi kabisa. Hayaendi mbali.