Paa Gumu la Gari la Watu Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Gari limejaa maji hadi kwenye pedali. Nimeyachota kwa kikombe cha chai, mke wangu akitazama dirishani. Afadhali angecheka.

Niandike ukweli, maana hapa hanisomi mtu. Gari hili la wazi nililinunua kitindamimba wetu alipoondoka kwenda chuo. Viti viwili tu. Nikamwambia mke wangu kimoja changu, kimoja chako, watoto wamekua, sasa ni zamu yetu. Siku hiyo alifunga kitambaa kichwani, akacheka njia nzima. Kisha paa la turubai likachanika. Siku hizi hapandi tena.

Leo ameenda sokoni na shemeji, mdogo wake. Huyu shemeji anauza pampu za maji, hana mke wala mtoto, lakini gari lake lina viti vya kubeba timu ya mpira. Alisimama getini akasema kwa sauti ya kutangaza: “Dada, njoo upande huku. Huku kuna paa!”

Paa! Alilitamka kama vile amelivumbua yeye.

Nimeamua. Nitaweka paa gumu. Waliotengeneza gari hawakuwahi kulitengenezea, lakini wapo watu wengine wanaofinyanga mapaa ya faiba ya kupachika juu. Yakishakaa, mvua haioni ndani. Shemeji atajiju.

Jumanne, 4 Machi

Nimelipata! Nimeliona kwenye simu wakati namchagulia mteja fremu ya miwani. Nikampa ya kike. Amesema anaipenda, basi sikubishana naye.

Muuzaji anajiita Mhandisi. Nimempigia, ameapa kwamba paa litaingia kwenye gari langu kama kifuniko kwenye sufuria yake. Nimemuuliza kama amewahi kulijaribu. Amesema mtu wa kazi hana haja ya kujaribu. Nimependa sana kujiamini kwake.

Ili nipate ruhusa Alhamisi, nimemwambia mama mwenye duka kwamba jino linaniuma. Ni mwanamke mwenye huruma mno. Kanikataza kuongea mchana kutwa. Wateja wamesomeshwa herufi za ukutani kwa ishara za mikono.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Niiandike haraka niimalize.

Mhandisi anaishi nyuma ya kiwanda cha mbao. Paa lilikuwa limelazwa uani, kuku wanalala chini yake. Jeupe, limepinda vizuri, kioo cha nyuma kizima. Nililipenda papo hapo. Kuku walihamishwa kwa shida.

Ndipo nikagundua jambo: gari la watu wawili haliwezi kubeba paa lake. Gari kubwa ninalolijua ni moja tu, na mwenyewe nisingemwomba hata kwa kupigwa. Nikafikiri. Mahali pa paa si juu ya gari? Tukaliweka juu, tukalifunga kamba, nikaondoka taratibu kama mtu aliyebeba trei ya vikombe.

Mtaa wa kwanza, salama. Mtaa wa pili, nikajisahau nikaongeza mwendo kidogo. Upepo ukaingia kwa mbele. Paa likainuka, likasimama wima, mimi chini yake kama chakula kinachofunuliwa mezani. Watu wakapiga kelele. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanua nguo aliniita niteremke niokoe maisha. Kamba ikakatika. Paa likaruka ukuta, likatua kwenye kitalu cha maua, polepole, bila hata ufa. Faiba nzuri, lazima niseme.

Na nani alikuwa kwenye kitalu hicho akifunga pampu? Shemeji.

Hakucheka. Hakuuliza kitu. Aliliinua kwa bega upande mmoja, mimi upande mwingine, tukalipakia kwenye gari lake. Akanipangusa udongo mgongoni. Ningependa kumchukia kwa utulivu, lakini mtu mwenyewe hanipi nafasi.

Ijumaa, 7 Machi

Gereji. Fundi bodi amelizunguka paa mara kadhaa, ameligonga kwa kidole, kisha ameniuliza kwa upole: “Mzee, hili paa ni zuri sana. Gari lake liko wapi?”

Nikamwonyesha gari. Akasema hilo ameshaliona, yeye anauliza gari la hili paa.

Paa limezidi upana wa gari kwa vidole vinne upande wa nyuma. Nimempigia Mhandisi. Amesema labda gari langu limesinyaa kwa mvua. Baada ya hapo simu yake haipatikani.

Nimemshauri fundi alipanue gari. Amekwenda kunywa chai. Aliporudi nilikuwa nimepata wazo bora: mpira wa mlango wa friji! Mnene, laini, haupitishi hata hewa. Nyuma ya gereji lilikuwepo friji bovu. Fundi ameubandika pande zote, huku akirudia kwamba kazi hii asije akatajwa kuwa kaifanya yeye. Bolti nne, gundi, rangi nyekundu inayokaribia kufanana na ya gari.

Gari sasa linafanana na uyoga. Uyoga mkavu lakini!

Jumapili, 9 Machi

Naandika polepole leo.

Mvua ilianza mchana. Nikaomba Mungu anisamehe, nikashangilia. Nikamwalika mke wangu. Aliutazama uyoga kwa muda mrefu, akachukua mwavuli, akapanda. Aliufungua mwavuli ndani. Nikamsihi aufunge. Akaufunga.

Hakuna tone! Nilimweleza habari za mpira wa friji mpaka tukafika uwanja wa mpira, tukaegesha. Nikaishiwa maneno. Na hapo nikasikia kitu ambacho gari hili halijawahi kuwa nacho: ukimya. Mvua inagonga juu, ndani kimya. Paa likiwa wazi, upepo ulikuwa unachukua kila kitu.

Akasema: “Baba watoto, unajua mchana huwa nakaa wapi?”

Nikasema sebuleni.

“Nakaa chumbani kwa mtoto. Natandika kitanda kilichotandikwa.”

Sikujua. Nalala naye nyumba moja, nala naye meza moja, sikujua.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia, tena humu humu garini, siku ile ya kitambaa. Upepo ulikuwa mkali, nami nikajibu, “Naam, gia ya nne hiyo!”

Nikamuuliza kama ndiyo sababu hapandi tena. Kwa hiyo si turubai? Akacheka kidogo. “Mdogo wangu akinichukua ananiuliza, dada, umelalaje. Halafu ananyamaza asikie. Ni hilo tu. Paa la nini?”

Nilivua miwani nikaifuta. Niliifuta sana, ilikuwa safi tangu mwanzo. Kisha nikamuuliza amelalaje. Akanieleza. Ni maelezo marefu, sitayaandika hapa, ni yake. Nilinyamaza nikasikia.

Tulipotaka kutoka, milango haikufunguka. Paa lilikuwa limekaa, limeikandamiza. Ningeweza kumpigia fundi simu mara moja. Sikumpigia mpaka mvua ilipokwisha, na mke wangu hakuniuliza kwa nini.

Njiani kurudi kaomba kitu kimoja tu. Jumamosi tutembee, mimi na yeye, kwa miguu. Bila gari. Bila fundi. Tuongee.

Nimekubali kwa moyo wote.

Jumatano, 12 Machi

Siku tatu nimewaza. Nadhani hakuna mume aliyemwelewa mkewe kama mimi nilivyomwelewa wangu. Anachotaka ni rahisi: tuwe wawili, miguu ifanye kazi, tuongee.

Leo kaja dukani mzee mmoja kurekebishiwa miwani, na katika mazungumzo ametaja kwamba stoo kwake ana baiskeli ya watu wawili. Viti viwili, pedali mbili, fremu moja! Nimeuona mkono wa Mungu. Nimekwenda kuiona wakati wa chakula cha mchana. Breki haina, lakini breki ni za watu wenye haraka. Tairi la nyuma ni la toroli. Linazunguka vizuri likishazoea.

Kasoro ni moja, nayo ndogo: anayekaa nyuma hasikiki mbele. Nimeshaitatua. Nimenunua mpira wa kumwagilia bustani, mita mbili, na faneli mbili. Moja ataishika mdomoni, nyingine nitaifunga sikioni kwangu. Hata neno moja halitanipita.

Baiskeli nimeinunua na kuificha nyuma ya tangi la maji. Simwambii. Jumamosi atafurahi huyo!