Saladi ya Viazi ya Dada Odessa

Alhamisi, 17 Oktoba

Alcide Fontenot kanunua jiko jipya la kuivishia nyama kwa moshi. Lina magurudumu manne na dohani mbili, linakokotwa na gari, na limepakwa zambarau, rangi ya timu yetu, Mamba. Langu ni pipa la mafuta nililolikata kwa mikono yangu mwaka ule Mamba walipochukua kombe. Halijawahi kumnyima mtu mbavu.

Wivu? Wivu wa nini. Naandika habari tu.

Habari yenyewe ni hii. Jumamosi Mamba wa Chuo cha Sorrel wanacheza nyumbani, na ni ile Jumamosi wahitimu wanaporudi. Mji mzima unahamia kwenye maegesho ya uwanja, kupika na kula kabla ya mpira, huu wetu wa kubeba mkononi. Mimi pale chuoni sikusoma hata darasa moja. Niliingia mara mbili kuuliza choo kiko wapi. Lakini hema langu halikosi mchezo, na kila mchezo Dada Odessa Guillory, mjane, mwanamke wa maana, huweka kiti chake kulia kwangu na bakuli lake la saladi ya viazi katikati ya meza yangu. Mji huu mtu hali saladi ya viazi mpaka aulize nani katengeneza. Ukisema Odessa, hakuna swali la pili. Meza yenye saladi ya Odessa ndiyo meza.

Sasa Alcide karudi kutoka Houston na pete ya wahitimu kidoleni, anaizungusha kama mtu anayefungua bomba. Mchezo uliopita Odessa alikwenda hemani kwake kumsalimia. Salamu gani ile! Ilianza nyama haijaiva, ikaisha mechi iko nusu. Leo rafiki yangu Hollis kamuuliza Odessa ataweka wapi bakuli Jumamosi. Kajibu atafikiri.

Afikiri! Lini bakuli lile lilihitaji kufikiriwa?

Nimelala mchana. Nimeamka na mpango.

Ijumaa, 18 Oktoba

Leo siku ya kushika nafasi. Lango linafunguliwa adhuhuri, kila mtu anapigilia vigingi, anazungusha kamba, anaenda zake. Kesho yake kamba ni sheria. Hakuna anayegusa kamba ya mwenzake, ndiyo maana hakuna anayeilinda.

Alcide kajizungushia nafasi ubavuni mwangu, kivulini, pua kwa pua. Alipokwenda kutafuta kuni nikang'oa vigingi vyake vyote, nikavihamishia mwisho kabisa wa safu, kwenye vyoo vya plastiki. Nikavipigilia sawasawa, na kamba nikaikaza kuliko alivyoikaza mwenyewe. Sipendi kazi mbovu.

Hollis kaniona. Akaniuliza kama mtu mwenye wajukuu anafanya mambo haya. Nikamwambia mtu mwenye wajukuu ndiye anayejua harufu ipi haiendi na nyama.

Alcide aliporudi akadhani walinzi wamepanga upya. Hakulalamika. Akawashukuru! Ana adabu ya kuudhi yule.

Mgongo unaniuma. Roho imetulia.

Jumamosi, 19 Oktoba, asubuhi

Mpango umezaa, lakini mtoto ni wa Alcide.

Watu wanakunywa bia tangu kulipokucha. Mnywa bia ataenda wapi? Chooni. Na njiani kuna nini? Jiko la zambarau. Wamepanga foleni, moshi wa kidari cha ng'ombe unawapitia puani, na Alcide anawagawia vipande kwenye karatasi wakisubiri zamu. Wakitoka, wanapita tena. Hata wasio na haja wamejipanga. Mimi huku kivulini nina Hollis na mbwa asiye na mwenyewe.

Odessa hajafika. Saa nne kamili, kiti chake hakipo. Najua yuko wapi: nyumbani, anafikiri.

Sikukubali. Meza bila saladi ni ubao tu. Kwangu ni ng'ambo ya barabara, nikakimbia, kama mwendo wangu unaitwa kukimbia, nikachemsha viazi. Vilichemka kupita kiasi, vikawa uji. Mayonezi haikutosha, nikaongezea maziwa. Ile pilipili nyekundu ya unga ya kunyunyiza juu sikuwa nayo, nikanyunyiza mdalasini, rangi zinakaribiana. Kisha nikakumbuka mke wa bosi wangu wa zamani alikuwa akitia zabibu kavu, na wale walikuwa matajiri. Nikatia zabibu kavu. Za kutosha.

Nikaiweka mezani. Wa kwanza kufika ni mke wa mchungaji. Akainama, akauliza kama ilivyo desturi, nani katengeneza.

Mdomo ukanitangulia. Odessa, ukasema.

Jumamosi, jioni

Kwa muda nilikuwa mfalme. Neno lilitoka, foleni ya choo ikakatika, watu wakajaa hemani kwangu na sahani mkononi. Nikamwona Alcide kasimama peke yake na koleo lake. Hata mbwa nilimkatia ubavu.

Kisha wakaonja. Mke wa mchungaji alitafuna, akaacha kutafuna, akatazama mbali kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Hollis alitoa zabibu mdomoni, akaiweka kiganjani, akaigeuza pande zote. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama Odessa anaumwa. Nikasema ana uchovu kidogo.

Habari ya uchovu ule ilitembea kwa kasi nisiyowahi kuona. Odessa aliposhuka kwenye gari lake alikuta watu wanampa pole. Mmoja akamwambia, dada, uzee haubishi hodi. Mke wa mchungaji alitaka kumwombea palepale, mkono kichwani.

Na alikuwa kabeba bakuli! Kalifunika kwa kitambaa cha zambarau, anakuja moja kwa moja hemani kwangu. Kumbe ile ya kufikiri alikuwa anatutania tu. Kachelewa kwa sababu alisubiri viazi vipoe.

Akaliona bakuli langu. Akachukua kijiko, akaonja. Hakutema, mwanamke wa heshima yule. Akameza. Ilimchukua muda.

"Lucius," akasema, "umewaambia watu huu ni mkono wangu?"

Nikasema sikuwaambia hasa, walikisia.

"Mume wangu nilimzika kwa heshima," akasema. "Jina langu umelizika leo, ukanyunyizia mdalasini."

Akabeba bakuli lake kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine, akaenda kwa Alcide. Akasimama pale foleni ya chooni akiwalisha watu kijiko kimojakimoja, mji mzima ujue yu mzima. Alcide akamfutia kiti kwa leso. Leso nyeupe!

Mamba walishinda, naambiwa. Mwishoni kabisa kijana wetu alikimbia na mpira uwanja mzima, watu wakalia, wakakumbatia wasiowajua. Mimi sikuona. Darubini yangu ilikuwa imeelekea jukwaa la wahitimu, ambako Alcide na Odessa walijifunika blanketi moja. Na baridi haikuwapo.

Jumapili, 20 Oktoba

Hollis kasema asiponiona naomba msamaha, na yeye atahamisha kiti. Nikaenda.

Odessa alikuwa barazani anamenya njugu. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nikasema samahani; mara ya kwanza ikatoka kama kikohozi. Ya pili ikatoka vizuri.

Akacheka kidogo. Akasema Alcide ni mtu mwema, lakini anasimulia Houston mpaka nyama inaungua, na blanketi lake linawasha. Kwangu kapazoea. Ila jina lake lazima lisafishwe. Jumamosi ijayo, kabla ya mpira, nisimame mbele ya watu niseme nani alitengeneza.

"Neno moja tu, Lucius," akasema. "Sema 'mimi.' Nami kiti nitakirudisha."

Nikakubali. Nikarudi nyumbani mwepesi, kidogo niimbe. Neno moja! Mtoto mchanga analiweza.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimelipima neno lile. Zito.

Nikisema mimi, nani atakula tena mbavu zangu? Mji huu mwanamume akijulikana kwa saladi ile, hata maji hawayapokei mkononi mwake. Na Alcide atakuwa amesimama pale, anasikia, anazungusha pete. Hapana.

Lakini naweza kusema kwamba haikuwa ya Odessa. Hiyo ni kweli tupu, na jina lake litasafika. Inabaki kulitafutia bakuli mwenyewe.

Asubuhi nilikwenda kwa kinyozi. Nikagusia tu, huku ananipunguza masikioni, kwamba huko Houston saladi ya viazi hawaili bila zabibu kavu. Akazima mashine. Akauliza, Alcide? Nikamwambia mimi sisemi mtu. Mpaka natoka, waliokuwa kwenye benchi walikuwa wanasema wenyewe.

Tatizo watu wetu hawaamini mpaka waone. Kwa hiyo Jumamosi, Alcide akigeuka kupindua nyama, nitalitua bakuli lingine mezani kwake. Kubwa zaidi. Viazi nimeshanunua. Zabibu nimezidisha, maana kusema kweli lile la kwanza nililimaliza peke yangu, na halikuwa baya hata kidogo.