Mboga Isiyo na Radhi

Jumanne, 9 Julai

Shangazi Yuster amepiga simu kutoka Ngara. Ni shangazi wa mke wangu Ildefonsa, na katika ukoo wao neno lake likishatoka limetoka. Jumapili anakuja hapa Biharamulo. Atakula mboga ya bustani ya nyumba hii. Akiridhika, Ildefonsa na binti yetu Joan watarudi. Asiporidhika, nisiwasumbue watu tena. Akamaliza kwa kusema atakuja na kurara. Nikamwambia ni kulala, shangazi. Kwa upole kabisa. Akakata simu.

Mimi ndiye msomaji wa masomo kanisani. L na R nimejifundisha mwenyewe mbele ya kioo. Mtaa mzima wanachanganya, nami nawasahihisha bila kuombwa.

Nimetoka kuangalia bustani. Hakuna bustani. Kuna shimo.

Jumatano, 10 Julai

Niandike habari za shimo, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Mwezi wa nne nilifyeka mchicha na nyanya chungu za Ildefonsa, nikachimba bwawa la samaki. Nilimwona bwana mmoja kwenye simu anavua sato nyuma ya jiko lake, anacheka. Bwawa langu halikushika maji hata siku moja. Tukala ugali wa muhogo na maharage. Halafu ugali na chumvi. Halafu chumvi nayo ikaisha. Joan akakonda, nywele zikabadilika rangi. Kliniki wakamwuliza mama yake, kwani nyumbani hata mchicha hamna?

Ildefonsa hakugombana. Alifunga nguo zake na za mtoto, akasimama kando ya shimo, akalitazama, akaenda stendi kupanda basi la Ngara. Angegombana ningejua la kujibu.

Leo nimelifukia. Nimepanda mbegu za mchicha na kumwaga mbolea ya kuku mbichi, ziwahi Jumapili. Jirani yangu Shaban akachungulia juu ya ua wa minyaa. Akasema, Bwana Protasi, mbolea mbichi itaunguza. Nikamshukuru. Nikaongeza debe.

Alhamisi, 11 Julai

Bustani ya Shaban haivumiliki. Kiangazi hiki, vumbi mpaka kwenye kope, na yeye ana kabichi zimejifunga kama ngumi. Mchicha wake unang'aa. Babu zake walikuja kutoka pwani na biashara ya nguo. Kilimo amekianza uzeeni, kwa maji ya kuoshea vyombo. Kila jioni mkewe, Raya, anaunga mchicha kwa karanga, na harufu inavuka ua bila hodi.

Ameshaniambia mara nyingi, jirani, ukihitaji mboga ingia uchume. Siwezi. Kuomba mboga ni kukiri shimo.

Ijumaa, 12 Julai

Mchana Shaban alikuwa msikitini, na Raya amekwenda hospitali kumtazama mgonjwa. Nimeingia na jembe na karai. Sikuiba. Mwizi hung'oa akala. Mimi nimehamisha: kabichi na mizizi yake, mchicha na udongo wake, mstari mzima mzima, mpaka kwangu. Kisha nikaanika mablanketi juu ya ua, asione.

Jioni Shaban ameniita. Mbuzi wamemmaliza, akasema. Nikampa pole. Nikawalaani mbuzi. Akasema mbuzi hao ni wa ajabu, wamechukua hadi mizizi. Nikasema mbuzi wa siku hizi, we acha tu.

Akaingia ndani akatoka na fungu la vitunguu. Chukua, jirani, sisi hatuna tena cha kuviungia. Nimechukua. Kukataa kungemtia shaka.

Jumamosi, 13 Julai

Kabichi zimelegea. Nimezifunga kwenye vijiti kwa kamba za migomba. Moja imeegemea mwavuli wangu wa Jumapili. Nimemwagilia hadi mgongo ukagoma. Mbegu zangu hazijaota. Pale palipo na mbolea panatoa moshi asubuhi, kama jiko.

Nimefagia nyumba. Chini ya kitanda nimekuta kandambili ya Joan, ya mguu mmoja. Nimeiweka mlangoni, Shangazi aione.

Jumapili, 14 Julai

Nitaandika upesi.

Shangazi alifika baada ya misa. Shikamoo. Marahaba, baba Joan. Alizunguka bustani akiwa amefunga mikono nyuma. Hakushika kitu. Akasema Joan ameuliza kama lile shimo bado lipo, maana analiota. Akatazama mahali palipokuwa shimo, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeridhika. Nikajua nimeshinda.

Nikapika. Mchicha na kabichi pamoja, vitunguu vya Shaban, mafuta ya kutosha. Ugali nikausonga vizuri. Tumeketi uani, Shangazi akayaona mablanketi. Akauliza yamekauka tangu lini. Akayavuta. Ng'ambo ya ua Shaban, amesimama na ndoo mbele ya matuta matupu. Shangazi hawezi kula jirani akitazama. Kwao huo ni uchawi. Akamkaribisha. Nikasema mzee ameshiba. Shaban akasema hapana, leo hawakupika. Akaja, akanawa, akaketi mbele ya mboga yake.

Shangazi akamega tonge. Akachovya. Akatafuna sana. Akasema mboga hii haina radha.

Mimi nikasikia radhi.

Nikaona basi, mama huyu amejaliwa, amejua ulimini tu kwamba mboga haina radhi ya mwenyewe. Nikapiga magoti pale pale. Nikasema ni kweli, shangazi, ni za Shaban, nilizing'oa Ijumaa akiwa anaswali, na vitunguu ni vyake, na mbuzi hawapo. Nikaeleza hata mwavuli.

Shaban alikuwa na tonge mdomoni. Akalimaliza, akameza. Akasema kwa sauti ndogo, Protasi, Shangazi amesema ladha. Anataka chumvi.

Chumvi sikuwa nayo. Ingawa hata ningekuwa nayo, isingeniokoa.

Shangazi akanawa mikono. Akaenda bustanini, akashika kabichi moja kwa vidole viwili. Ikatoka kama kofia kichwani. Akairudisha, akaipigapiga udongo, nadhani kwa huruma. Akamwuliza Shaban aliwezaje kula huku akijua. Shaban akasema mbuzi hawafungi kamba. Alijua tangu jana. Alidhani nikishamwona mgeni wangu amekula, nitakuja mwenyewe kusema.

Kurara, kulala, vyovyote. Amelala kwa Shaban na Raya.

Jumatatu, 15 Julai

Shangazi amepanda basi la alfajiri. Hakuaga. Kandambili ya Joan haipo mlangoni, ameichukua. Sijui hiyo ina maana gani. Nimefikiri mchana kutwa na kila maana ni mbaya.

Jioni nimepiga simu Ngara. Amepokea Joan. Amenona hata sauti. Nikamwambia mama yake anipigie. Akasema, baba, huku tuna mboga. Akakata. Au aliambiwa akate.

Jumanne, 16 Julai

Shaban amekuja mwenyewe, amebeba miche ya mchicha kwenye kopo. Amesema nipande jioni jua likipoa, nimwagilie, baada ya wiki chache nitakuwa na mboga yangu halali, na Shangazi atakuja tena kama yeye Shaban atamwombea. Ameniahidi kumwombea. Nimeshukuru sana. Wiki chache ni nyingi.

Nimekaa nikatafakari kosa langu kwa uaminifu. Nimelipata. Ni chumvi.

Kwa hiyo safari hii nimeanza na chumvi, pakiti mbili. Na sitamngoja Shangazi. Nitakwenda Ngara mwenyewe na kapu la mboga limejaa, nimwekee Ildefonsa mlangoni. Gidioni, mwalimu wa kwaya, ana karoti nene upande wa pili wa kanisa. Alhamisi jioni kuna mazoezi ya kwaya. Karoti haina haja ya kufungwa kamba.

Miche ya Shaban iko barazani, kwenye kopo lake. Imeanza kulala. Nitaipanda nikirudi.