Malalamiko Kuhusu Filamu ya Kwaya Inayokwama Kila Mgeni Anapoingia

Kwa Baba Shefu wa kartié yetu, mtaa wetu hapa Kamina

Baba Ngandu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na jamaa yako. Mimi ni Philémon Mbayo, katibu wa kwaya ya parokia. Nakuandikia kwa heshima na kwa uchungu.

Unajua kwamba kwaya yetu ilipigwa filamu ili itumwe Lubumbashi, ambako watachagua waimbaji wa sikukuu kubwa. Shemeji yangu Guylain, anayekaa kule, alinifundisha kwa simu kuituma kwa programu ya kompyuta isiyo na picha wala urembo: dirisha jeusi tu, unaandika amri kwa maneno, namba inaanza kupanda kuelekea mia. Inapanda vizuri. Halafu inanyamaza. Haikatai, haiombi radhi, haifi. Network ipo. Nimechunguza kwa makini, na malalamiko yangu ni haya:

1. Jirani Mulumba, mwenye pikipiki ya teksi, alikuja kunisalimu. Nikamwonyesha namba ilipofika. Papo hapo ikakwama. Alirudi kesho yake, ikakwama tena. Nilipomwomba asinisalimu tena alijibu, "Minyi nilikuya na roho muzuri," akaisukuma pikipiki yake mpaka barabarani bila kuiwasha, ili asinisumbue. Hilo liliniuma kidogo.

2. Nilishuku honi ya gari-moshi. Nikaenda stesheni kuomba isipigwe. Waliniambia gari-moshi halijapita juma lote. Nikaelewa kwamba hata kutokuja kwake kunasumbua.

3. Guylain alisema niiamuru programu ieleze kila inachofanya. Ikaeleza sana, kama shahidi mwenye haraka, mpaka shemasi alipoingia nikamwonyesha. Mbele ya mtu wa Mungu ikafunga mdomo. Nikaiwekea kikomo cha muda, ili ikikwama ijikatishe na kuanza upya. Muda ukapita, haikushtuka.

4. Nilijifungia chumbani peke yangu, mikono mapajani. Namba ikapita themanini. Huo ndio ushahidi, Baba Shefu: kosa ni watu. Hapo mama mkwe wangu, Mama Kyabu, akabisha hodi na chakula, bukari na mboga ya sombe, akauliza nyimbo zimefika wapi. Nikamwonyesha. Ikakwama.

Kwa hiyo naomba utoe amri, isomwe mbele ya watu: pikipiki zizunguke mbali, salamu zikome, mgeni yeyote asiingie kwangu, na Mama Kyabu arudi Sanga kwa kaka yake mpaka filamu ifike. Nimemweleza mwenyewe kwa upole kwamba si uchawi, ni ufundi. Alinitazama, akasema, "Batoto bote benye nilizala, hata mumoja hakukwama mu njia." Kisha akaanza kufunga mzigo. Mke wangu Bilonda, binti yake, ananiwekea chakula juu ya kiti na kuondoka. Nyumba imenyamaza kama programu yenyewe. Nayavumilia haya kwa ajili ya kwaya.

Nisalimie mama wa nyumbani, watoto, na wazee wote wa kartié. Msalimie na Mulumba ukimwona, maana mimi simsalimu kwa sababu za kiufundi.

Ni mimi mtumishi wako katika nyimbo,
Philémon Mbayo

N.B. Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi Bilonda alipoingia kupangusa vumbi kwenye mashine. Kitambaa chake kikagandamiza kitufe kikubwa cha upande wa kulia, na namba ikaendelea kupanda mpaka mia kana kwamba hakuna lililotokea. Nimempigia Guylain. Alicheka kwanza. Anasema dirisha lile husimama ukilibofya kwa kipanya, likangoja kitufe hicho. Nami nimekuwa nikilibofya kila nilipomwonyesha mgeni namba. Filamu imefika.

Tafadhali usiichane barua. Badilisha jina tu: anayekatazwa kuingia chumbani wakati wa kutuma ni mimi. Mama Kyabu ameketi kando ya barabara juu ya mzigo wake, na amesema harudi nyumbani mpaka aisikie amri hiyo ikisomwa kwa sauti kubwa.