Hewa Isiyo na Kibali

Tangazo lilibandikwa getini, ukumbini na mpaka chooni: kuanzia siku hiyo, hakuna mwananchi atakayejichagulia msingi wa nyumba. Jukumu hilo zito lilikabidhiwa Idara ya Misingi, chini ya Mkurugenzi mwenyewe, mtu aliyeienzi misingi kiasi kwamba hakuwa akiketi kabla ya kukagua miguu ya kiti.

Waombaji wa kwanza walikuwa mama mmoja mshonaji na mumewe, dereva wa lori. Walikuwa wamekata magogo, wakayabambua magome na kuyakausha, wakitaka kujijengea nyumba kwa mikono yao. Mvua zilikuwa zinabisha hodi, na wao walikuwa bado wanalala sebuleni kwa mama mkwe.

"Kiwanja chetu kina mteremko, na chini ni majimaji," mshonaji alieleza. "Tunataka nguzo fupi za mawe, magogo yakae juu, yasiguse unyevu wala mchwa."

Mkurugenzi alimhurumia kwa dhati. "Mama, ukiinua nyumba juu ya nguzo, chini kutabaki nini?"

"Hewa."

"Hewa ya nani?"

Mshonaji akamtazama mumewe. Mumewe akatazama dari.

"Serikali haiidhinishi nafasi isiyo na matumizi," Mkurugenzi aliendelea. "Leo hewa, kesho mbuzi, keshokutwa mpangaji. Mwageni jamvi la zege, kiwanja kizima. Saruji mtaipata kwa shemeji yangu. Ndiye pekee aliyehakikiwa."

"Kahakikiwa na nani?"

"Na dada yake."

"Mzee, zege juu ya maji yale si litapasuka? Magogo yataoza hata sijatundika pazia!"

"Kuoza ni suala la Idara ya Misitu."

Dereva alikohoa. "Na tukijenga bila msingi wowote?"

Mkurugenzi alicheka mpaka akavua miwani. "Kisicho na msingi si nyumba, ndugu yangu. Kisheria hiyo ni samani!"

Kauli hiyo ilimkolea mwenyewe. Alasiri ileile aliigonga muhuri, ikawa Mwongozo wa Idara.

Wale wawili walipanga mawe makavu tu, bila tone la saruji, wakayalaza magogo juu yake, wakaezeka. Afisa wa Idara alipofika kubomoa, mshonaji alimpokea mlangoni. "Hili ni kabati, mwanangu. Kubwa kidogo tu." Afisa aliusoma Mwongozo mara mbili, akaomba radhi, akafunga mlango taratibu asije akakwaruza.

Mvua zikashuka. Makao makuu mapya ya Idara yalikuwa juu ya jamvi la zege, saruji ya shemeji. Ufa ulianza nyuma ya meza ya Mkurugenzi, naye akatoa taarifa kwamba jengo linapumua. Wiki iliyofuata mlango wake ukagoma kufunguka, akawa anaingia kazini kupitia dirishani, kwa heshima zote, mkoba ukitangulia. Katibu muhtasi alimpitishia chai kwenye ufa wa ukuta. Wageni walipotoka, Mkurugenzi aliushika ukuta kwa viganja viwili, akamwomba Mungu.

Wakaguzi kutoka juu walichimba pembeni. Walikuta mchanga mtupu. Saruji ilikuwa imepita pale kama mtu anayesalimia huku anatembea.

Kesho yake akaja mtunza stoo, na kopo la rangi na brashi.

"Unafanya nini kwenye ukuta wangu?"

"Naupa namba, mzee. Mwongozo wako huo. Kisicho na msingi ni samani, na samani zote ziko chini ya stoo." Alirudi nyuma hatua moja akalitathmini jengo. "Chakavu. Litaenda mnadani, pamoja na vilivyomo."

"Mimi ni Mkurugenzi wa Misingi!"

Mtunza stoo aliinama, akachungulia chini ya jengo kwa makini. "Misingi ipi, mzee?"

Mnadani alijitokeza mnunuzi mmoja tu: shemeji. Siku hiyohiyo alivunja kila kitu, akaanza kupakia mchanga wake kwenye lori, kwani alikuwa na wateja wengine. Mkurugenzi alisimama kando amelowa chepechepe, mkoba kichwani. Mwisho akasogea, akaomba lifti.

"Panda nyuma, shemeji, ukae juu ya mchanga," alijibiwa. "Wala usinishukuru. Ulikuwa miongoni mwa vilivyomo."