Nimeomba Radhi Kabla ya Kunawa

Nimeaibika leo, mchana kweupe, na shahidi ni mke wangu.

Mwezi uliopita muuguzi aliniambia mwili wangu umekuwa sugu kwa insulini. "Insulini inapiga hodi ili sukari iingie mwilini, Mzee Hamad, lakini mwili hauitikii. Basi sukari inabaki kwenye damu." Nipunguze vitamu, nitembee, nirudi leo asubuhi bila kula kitu.

Bi Salma, mke wangu, alinisindikiza (kunilinda, kusema kweli). Alipokwenda kuandikisha jina langu, nikavuka barabara kwa muuza halua. Kipande kimoja tu. (Viwili.) Nikajifuta vidole kwenye kanzu, nikarudi kukaa kama mtu wa saumu.

Muuguzi akanichoma kidole, akatia tone kwenye kipimo. Uso ukambadilika. "Ishirini na saba. Sukari imepanda mno."

Jamani, niliogopa. Sanda niliiona hii hapa. Nikamshika Bi Salma mkono.

"Mama Fatma, nisamehe. Nina jambo sitaki kufa nalo."

"Jambo gani?"

"Ile halua ya wageni wa posa ya binti yetu Fatma, iliyopotea kabatini. Hakuichukua dada yako. Niliila mie."

Akaniachia mkono. Mke wangu hajasema na dada yake tangu Ramadhani kwa ajili ya halua hiyo. (Kilo mbili. Ilinichukua siku tatu.)

"Na weye ndiye uliyenambia nimchunge dada," akasema taratibu.

Nikaanza kulia. Kumbe muuguzi bado kanishika kidole. Akakinusa. "Mzee, mbona kinanukia hiliki? Ulinawa?"

Nikanawa kwa sabuni. Kidole kingine, tone jingine. Kumi nukta moja.

"Ile ya kwanza ilikuwa halua ya kidoleni," akasema. "Hii ya tumboni. Sukari iko juu, lakini hufi leo. Kesho uje bila kula, safari hii kweli. Na utembee, baba. Mwili unaotembea huisikia insulini."

Nikamgeukia Bi Salma, nikajaribu kucheka. Yeye hakucheka.

"Umesikia, utembee," akasema. "Basi alasiri utatembea hadi Ole kwa dada, ukamwambie kama ulivyonambia mie."

Naandika haya huku nafunga viatu. Mnaokaa njia ya Ole, mkiniona napita, salamu tu zinatosha. Msiniulize naendea nini.