Salamu Kwanza, Mayai Baadaye: Uzinduzi wa Mtandao wa Oda Isinya, 1999

Mheshimiwa Mkuu wa Tarafa, ambaye hakuweza kufika lakini ametuma dereva. Chifu wetu na manaibu wako wote wawili. Mwenyekiti wa Chama cha Wafugaji wa Kuku, Isinya, pamoja na mama yake mzazi ambaye namwona pale mbele. Wachungaji wa makanisa yote, yaliyosajiliwa na yanayoendelea kusajiliwa. Wafanyabiashara, wazee, akina mama, vijana, na ninyi mliosimama juani kwa sababu viti vilikuwa kwa bajeti ya mwaka jana, nawasalimu kwa Kimaasai: sopa! (Watu: "Epa!") Sijasikia. Sopa! (Watu, kwa uchovu: "Epa.")

Kwa wale wachache ambao hawanijui, mimi ni Elphas Wafubwa, Mratibu wa Mabadilishano ya Data Kielektroniki Baina ya Washirika wa Biashara, cheo ambacho ni mimi peke yangu niko nacho katika sehemu hii yote, na ambacho kimenipeleka semina saba, moja ikiwa ya kulala. (Makofi kutoka kwa dereva.)

Sasa mtauliza, Mratibu, hayo mabadilishano ni kitu gani? Ni rahisi sana. Ni kompyuta ya mwenye mayai hapa Isinya kuongea na kompyuta ya mwenye duka kule Kitengela, moja kwa moja, bila karatasi, bila kelele, na hasa hasa bila mtu katikati, maana mtu katikati ndiye adui wa maendeleo. Hapo awali mambo yalikuwaje? Bwana Njuguna, muuzaji wa jumla Kitengela, akitaka mayai, alimwambia Nashipae, huyu dada ameketi pale na shuka nyekundu, naye akaandika kwa daftari, akapanda lori la mchanga mpaka hapa, akawasomea wafugaji oda zao. Daftari, jamani! La kurasa tisini na sita! Na karne mpya imefika mlangoni inapangusa viatu! (Kicheko. Nashipae hacheki.)

Ndiyo maana, siku kumi na mbili zilizopita, nilitoa waraka wa kupiga marufuku daftari, nikalichukua mwenyewe kwa mikono yangu, na kuagiza kwamba kuanzia siku hiyo oda zote za mayai zitapitia mtandao pekee. (Mama Nyaguthii, mfugaji, anasimama: "Bwana Mratibu, niko na trei mia mbili na arobaini hapo store. Zina siku kumi na mbili. Njuguna ameagiza ama hajaagiza?") Swali zuri, mama, swali la kitaalamu kabisa, na litajibiwa kwenye kipengele cha maswali, ambacho kiko baada ya chakula cha waheshimiwa. Keti.

Tulipoanza mradi huu, ndugu zangu, tulikuta balaa. Hakuna standard! Mama Nyaguthii akisema kumi, anamaanisha trei kumi. Njuguna akisema kumi, anamaanisha katoni kumi, na kila katoni ni trei kumi na mbili. Hoteli za Nairobi zikisema kumi, zinamaanisha dazani. Unaona vita hiyo? Kamati yangu ya stakeholders ilikaa, ikanywa chai, ikaamua kwamba kila oda itaandikwa kwa trei, na kwamba trei ni mayai thelathini, hata kama moja limevunjika njiani. Wengine wanasema eti Nashipae alikuwa ameshawazoesha wote kuandika kwa trei tangu mwaka wa tisini na tano. Sawa. Lakini alifanya bila kamati, kwa hivyo haihesabiki. (Mtu nyuma: "Woi!")

Hilo lilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa lilikuwa salamu. Msicheke, hii ilitushinda miezi kumi na nne. Wataalamu waliotoka Nairobi walileta fomati ya oda ambayo sehemu ya kwanza ni nambari ya bidhaa. Tukaichapisha kwa karatasi ili kuijaribu, tukampelekea Njuguna. Njuguna akaiangalia, akairudisha. Akasema, "Huyu ni nani ananiuliza mayai kabla hajaniuliza nimeamkaje? Tumekosana?" Mteja mkubwa kuliko wote, ananuna! Basi nikaunda Kamati Ndogo ya Salamu. Tukaweka sehemu ya kwanza ya oda iwe salamu, na kodi zake, yaani nambari za kompyuta: sifuri moja ni sopa, sifuri mbili ni takwenya ikiwa anayesalimiwa ni mwanamke, sifuri tatu ni habari ya asubuhi, sifuri nne ni Bwana asifiwe. Na kwa sababu salamu isiyojibiwa ni kama hukusalimia, tukaamua kompyuta ya Isinya isiulize idadi ya trei mpaka kompyuta ya Kitengela ijibu salamu, na ile ya Kitengela isijibu mpaka ijue kama anayesalimu ni mkubwa ama mdogo kwa umri, na umri uko kwa fomu, na fomu ziko kwa mchapishaji. Huo ndio usawazishaji, wananchi! Dunia nzima haina kitu kama hicho!

(Mama Nyaguthii: "Mratibu, wiki ijayo hayo mayai nitamlisha nani? Chakula ya kuku imebaki gunia moja. Nakuuliza kwa heshima, ameagiza?") Mama, mbona una haraka hivyo? Jibu liko hapa, chini ya kitambaa hiki, ndani ya kompyuta ambayo nitaifunua hivi punde, ikishasalimiwa. Mimi pia nina uchungu na mayai yako. Mimi ni mtu wa mayai. Asubuhi hii nimekula mawili.

Acheni niwape takwimu mfurahi. Katika pilot phase, yaani majaribio, ya miezi sita kabla ya waraka wangu, jumbe elfu moja mia nne na kumi na mbili zilipita baina ya Isinya na Kitengela, na mnajua ni ngapi zilipotea? Hakuna! Sufuri! Ngapi zilikosewa idadi? Mmoja, na ulirekebishwa siku hiyo hiyo. Nionyesheni Ulaya gani iko na matokeo kama haya! Ripoti yangu imesifiwa mpaka ikapigwa muhuri mara mbili. (Makofi. Nashipae anasimama.)

Ndiyo, dada. Fupi tu. (Nashipae: "Mama Nyaguthii, takwenya." Mama Nyaguthii, akiitikia salamu: "Iko!" Nashipae: "Njuguna anakusalimia, anauliza yule mjukuu alipona kifua. Anasema trei zote mia mbili na arobaini, lori lake linafika saa sita. Alinipa oda jana. Sina daftari, nimeleta kwa kichwa.") Kaa chini! Huo ujumbe haujathibitishwa! Hauna kodi! Umetumia mtandao gani? (Honi ya lori kutoka barabarani. Mama Nyaguthii: "Amepona, asante Mungu! Njooni mnisaidie kubeba!" Watu wanainuka.)

Wananchi! Wananchi, itifaki! Mnaenda wapi, sijafika kwa kaulimbiu! Haya, wanaobaki, tupaze sauti: Trei moja! (Dereva: "Lugha moja.") Data bila mipaka! (Dereva anatazama saa.) Mtu katikati, awekwe kando! (Nashipae anapita na trei sita kifuani.)

Basi nimalizie kwa shukrani, ambazo zimeandikwa na karani wangu Valerie, nami nazisoma zilivyo kwa sababu ya muda. Tunalishukuru kanisa kwa kutuazima kitambaa. Tunamshukuru fundi wa redio wa hapa sokoni kwa kutuazima kasha tupu la televisheni ambalo limekaa vizuri chini ya kitambaa. Tunawashukuru watu wa stima kwa ahadi ya kufikisha nguzo za umeme Isinya siku moja. Tunawashukuru watakaotuuzia kompyuta mbili, ambazo tutawaandikia barua ya kuziagiza mara tu fomati ya salamu itakapokamilika. Na zaidi ya wote tunamshukuru Nashipae, kwa kuwa jumbe zote elfu moja mia nne na kumi na mbili zilizo kwenye ripoti ya Mratibu zilihesabiwa kutoka kwa daftari... (Mratibu anageuza karatasi. Nyuma hakuna kitu.)

Valerie. Valerie, tutaongea.

(Uwanja mtupu. Dereva amewasha gari. Mratibu anafungua mkoba, anatoa daftari la kurasa tisini na sita, anateremka jukwaani mpaka kwa lori.)

Dada Nashipae. Takwenya. (Nashipae: "Iko.") Shika daftari lako. Andika na ya leo, ripoti ya robo mwaka inafungwa Ijumaa. Na tafadhali... mwandiko uwe ule ule.